Ukingo Kabla Mtu Hajaanguka



Tusome Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anaagiza kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba zao zilikuwa na dari tambarare. Rahabu aliwaficha wapelelezi pale, kati ya kitani. Tuangalie vizuri: Mungu hangoji mtu aanguke. Wala hamlaumu aliyeanguka, eti hakutazama miguu yake. Anamuuliza mjenzi.

Siku hizi kuna nyumba mpya inayoitwa akili bandia. Sisi watu wa redio inatugusa karibu. Sauti ya mchungaji inapita hewani kila siku, na mashine inahitaji sekunde chache tu za sauti hiyo ili iige. Mama mjane anaweza kupokea ujumbe katika telefoni, sauti ni ile anayoijua, inamwomba atume feza ya sadaka upesi. Isaka aliishuku sauti, akadanganywa na mikono yenye manyoya (Mwanzo 27). Leo sauti nayo inadanganya.

Umoja wa Ulaya umeanza kujenga ukingo. Sheria yao ya akili bandia ilianza tarehe 1 Agosti 2024. Tangu Februari 2025 inakataza mashine zinazotumia uzee, ulemavu au umaskini wa mtu ili kumpotosha na kumdhuru. Kampuni inayovunja katazo hilo inaweza kutozwa hadi milioni 35 za euro, au zaidi ikiwa ni kubwa sana. Lakini ukingo ule unalinda watu wa kule. Kwetu Kongo tuna sheria ya mambo ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za mtu binafsi. Ni waamini wangapi wameisikia?

Wengine wanasema hizi ni roho za siku za mwisho, tukemee tu. Kuomba, tutaomba. Lakini mashine ina mwenyewe, na huyo ana jina na ofisi. Anaweza kuulizwa mbele ya sheria.

Hapa kanisani ukingo wetu ni huu: hakuna mtumishi atakayeomba feza kwa ujumbe wa sauti. Ukiupata, usitume kitu. Nenda kwa mzee wa selula yako, au mpigie mchungaji kwa namba uliyo nayo tangu zamani. Hatakasirika.

Sasa tusimame, tuwaombee wabunge wetu, pamoja na vijana wetu wanaojifunza kutengeneza programu, maana nao ni wajenzi.