Muhula wa Ughaibuni: Nasaha kwa Vijana wa Ujiji



Tunazungumza na vijana wetu wa Kigoma na Ujiji wanaosomea sayansi ya kompyuta, nao wamekusudia kwenda kusoma muhula mmoja nje ya nchi. Jambo hili ni la kheri, nasi hatulipingi.

Lakini kabla mzee hajauza mtumbwi wake au shamba la michikichi, ulizeni: je, chuo chenu kitayahesabu masomo mtakayofaulu huko? Jibu liwe la maandishi. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika deni, na ahadi hii kwa mzazi aliyeuza mali yake haina uzito mdogo kuliko deni. Kijana atakayerudi akaambiwa arudie muhula, nani atamrudishia baba yake mtumbwi?

Tena kumbukeni Khartoum. Vita vilipozuka Aprili 2023, wanafunzi wa Kitanzania walilazimika kurejeshwa nyumbani kabla ya kumaliza masomo. Basi mfikapo ugenini jiandikisheni ubalozini, na nakala za matokeo yenu ziwepo pia kwa wazazi.

Ama anayetaka kukopa kwa riba ili asafiri, huyo tunamwambia wazi: muhula huo auache, amalizie masomo yake hapa nchini.

Wabillahi tawfiiq.