Kaburi Lisilo na Mtu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Kisumu, kabla ya sikukuu ya Mashujaa)



Sisi wa upande wa karakana tumeombwa tuseme maneno machache juu ya sikukuu inayokuja ya tarehe 20 Oktoba. Sisi si wasemaji. Masomo yetu ni yale ya shule ya msingi ya misheni, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba mtu akisimama mbele za watu aseme jambo moja, kisha akae. Basi jambo letu leo ni majina.

Wote mnajua sikukuu hii ilivyoanza. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya wakoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wa watu. Baada ya uhuru siku hiyo ikaitwa Siku ya Kenyatta, na Katiba ya 2010 ikaibadili jina ikawa Siku ya Mashujaa, ili isiwe ya mtu mmoja. Ni jambo jema. Siku hiyo bendera hupanda, majeshi hupita, majina makubwa husomwa, nasi twayapigia makofi kwa haki. Lakini ikifika jioni, kila mmoja wetu akiwa amerudi nyumbani kwake, hukumbuka wengine ambao hawakusomwa.

Kwetu ni Seme, karibu na ziwa. Tukiwa watoto, kila sikukuu tulipelekwa nyumbani, na kazi ya kwanza aliyotupa nyanya ilikuwa kufyeka nyasi makaburini. Yalikuwako makaburi sita. Moja lilikuwa fupi, nasi siku zote tulidhani ni la mtoto. Siku moja tukamwuliza nyanya mtoto huyo alikuwa nani. Akasema, "Hilo si la mtoto. Hilo halina mtu. Hapo pana yago."

Ndugu zetu wa makabila mengine huenda hawaijui desturi hii, basi tuieleze kidogo. Yago ni tunda la mti ambao kwa Kiswahili huitwa mwegea. Ni tunda refu tena zito. Mjaluo akifa mbali na mwili wake usipatikane, ama akazama ziwani asionekane tena, wazee wa kwetu huchukua yago na kulizika mahali pake, na watu hulia kama waliavyo kwa mtu. Maana haifai boma likae na mtu ambaye hakuzikwa.

Yago lile lilikuwa la baba wa babu yetu. Alichukuliwa mwaka 1917 kwenda vitani, na babu wakati huo alikuwa bado hajaanza kutembea vizuri. Hakwenda na bunduki, alikwenda na mzigo kichwani. Alikuwa mmoja wa wale ambao Wajaluo waliwaita kariakor, yaani wapagazi wa jeshi la Waingereza lililopigana na Wadachi kule Tanganyika. Mtaa wa Kariokor kule Nairobi na mtaa wa Kariakoo kule Dar es Salaam yote miwili imepata majina yake kwa watu hao.

Tumeona vema tuseme habari zao kidogo, kwa sababu vijana wengi hupita Kariokor wakidhani ni jina la soko tu.

Katika nchi hii peke yake walichukuliwa watu zaidi ya 150,000, na Nyanza ilitoa wengi sana. Wengine walikwenda kwa hiari mwanzoni. Lakini mwaka 1917, watu wengi walipotakiwa kwa mara moja, machifu waliamriwa kuwatoa, na kijana hakuulizwa. Walipakiwa katika gari la moshi hapa hapa Kisumu, katika njia hii hii ambayo sisi twaitengeneza. Na kabla ya hapo, mwezi wa Juni 1915, askari walipanda meli katika bandari hii kwenda kushambulia Bukoba. Kwa hiyo vita vile si habari ya mbali kwa mtu wa reli. Vilipitia mikononi mwa watu wa kazi yetu.

Hesabu ya serikali yenyewe ilikiri kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na wako walioandika baadaye kwamba walikuwa wengi zaidi. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Waliuawa na kuhara damu, na kichomi, na homa, na njaa, na mvua ya kule Rufiji. Walipewa unga wa mahindi ambao haukusagwa vizuri, wala hawakuwa na nafasi ya kuupika ukaiva, na matumbo yao yakaharibika. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kambini njiani na kupikiwa chakula kibaya ataelewa haraka kuliko msomi.

Sasa sikilizeni habari ya mshahara, maana hapa ndipo panapohusu chama.

Wengi waliokufa walikuwa hawajalipwa. Vita vilipokwisha, fedha zao zilibaki mikononi mwa serikali. Wako maofisa waliosema kwamba ni haki fedha hizo ziwafikie jamaa zao, au walau zitumike kwa faida ya watu wao. Barua zikaenda London zikarudi, miaka ikapita, hata ikafika miaka ya 1930, na fedha hazikutolewa. Sababu mojawapo iliyosemwa ni kwamba jamaa za marehemu hawawezi kupatikana, kwa kuwa majina hayakuandikwa sawasawa. Mtu aliandikwa kwa jina la chifu wake, ama kwa jina alilobuni karani, ama kwa namba. Basi mjane wa Seme angedai kwa karatasi gani?

Na tazameni mambo ya dunia. Mara baada ya vita hivyo, serikali hiyo hiyo iliyoshindwa kuandika jina la mpagazi aliyekufa iliweza kabisa kuandika jina la kila mwanamume aliye hai, ikalitia katika kibati, ikamvika shingoni. Hicho ndicho kipande. Wazee wetu walipokutana Lundha, kule Gem, mwezi wa Desemba 1921, wakaanzisha chama chao cha vijana wa Kavirondo, kipande kilikuwa moja ya mambo waliyoyapinga.

Kule Nairobi, katika barabara ambayo siku hizi ni Kenyatta Avenue, zimesimama tangu miaka ya 1920 sanamu tatu za shaba za watu wa vita hivyo, na moja ni ya mpagazi. Tumesimama mbele yake. Maneno yaliyoandikwa pale yanaahidi kwamba wana wa marehemu watayakumbuka majina ya baba zao. Tulizunguka sanamu ile mara mbili tukitafuta jina. Hakuna hata moja. Mwezi wa Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Radhi imekuja baada ya miaka mia. Twaipokea, lakini nyanya yetu alikuwa amekwisha kufa.

Babu yetu naye alikwenda vita vya pili. Yeye alikuwa askari wa Keya, akafika Burma, akapita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na matope, akarudi na koti moja na karatasi ya kufunguliwa jeshini. Koti lilikwisha kwa mende. Karatasi ile aliitia katika mkebe wa chai, na mkebe akautia juu ya dari. Alikuwa mtu wa kusahau vitu vingi, hata kofia yake, lakini karatasi ile hakuisahau. Jina lake, jina la baba yake na kijiji chake vimeandikwa humo. Tulikuwa tukimcheka. Baadaye tulielewa kwamba yeye alikuwa mtoto wa mtu asiye na karatasi.

Mwaka mmoja tulimsindikiza mwenzetu wa karakana hadi makaburi ya vita ya Nairobi, yale ya Ngong Road. Ndugu wa babu yake alikuwa katika meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 Februari 1944 meli hiyo ilipigwa na manowari ya Kijapani ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu wapatao 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari ndiyo kaburi lao. Lakini katika makaburi yale pana ukumbusho ulioandikwa majina yao. Mwenzetu alisoma polepole kwa kidole, akalipata. Hakusema neno. Alifuta vumbi kwa kiganja, kisha akaomba kalamu akaliandika katika tikiti yake ya basi. Ni jina tu, ndugu zangu. Lakini alirudi Kisumu kama mtu aliyetoka matangani na kula chakula.

Na sisi wa reli je? Reli ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901. Vitabu vyataja Wahindi wapatao 2,500 waliokufa katika kuijenga. Waafrika waliokufa katika kazi ile, katika vitabu tulivyopata kusoma, hatukuona hesabu yao. Majina ya meli za zamani za ziwa hili twayajua: Winifred, Sybil, Clement Hill, Usoga, Rusinga. Nani ajuaye jina la mtia makaa mmoja? Na msidhani haya ni mambo ya zamani tu. Meli ya Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, watu mamia kwa mamia walikufa, na hesabu yao kamili haikujulikana, kwa sababu hapakuwa na orodha kamili ya abiria.

Tuseme na jambo la karibu zaidi, bila kutaja mtu wala ofisi. Mwenzetu mmoja alifariki. Nyumbani aliitwa jina moja, kanisani jingine, na karani wa siku ile alipoajiriwa akaandika la tatu, tena kwa herufi zisizo sawa. Marehemu aliliona kosa hilo akasema atalisahihisha likizo ijayo. Mjane wake alikwenda ofisi moja mara nyingi hata walinzi wakamzoea. Kila mara aliambiwa kwamba mume wake si huyu aliyeandikwa. Alikuwa amemzika kwa mikono yake, lakini kwa karatasi hakuwa mjane. Chama kilimsaidia, akapata haki yake baada ya muda mrefu na watoto wawili wakiwa wamekwisha kutoka shuleni. Twawaomba, kila mtu wiki hii atazame karatasi zake. Jina liwe moja katika zote, na jina la mke na watoto liwe limejazwa. Msingoje likizo ijayo.

Na kwa ajili ya sikukuu, tumekubaliana na Katibu hivi. Limenunuliwa daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mwanachama aandike humo watu wake: waliokwenda kariakor, waliokwenda Burma, waliokufa njiani, karakanani, au ziwani. Jina la nyumbani, jina la ubatizo kama analo, jina la baba, kijiji, kazi, na mwaka kama unajulikana. Usipojua mwaka, acha mahali wazi, usibuni. Waulizeni wazee sasa, hasa akina nyanya, kwa maana wao ndio hushika majina, na kila mwaka twawazika kadha wa kadha. Asubuhi ya tarehe 20, kabla watu hawajakwenda uwanjani, tutakutana hapa saa moja na nusu na majina yatasomwa yote, moja moja, hata kama yatachukua muda. Anayeogopa kusoma mbele za watu atasomewa.

Jina la baba wa babu yetu tumekwisha kuliandika, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, si kwa ukubwa bali kwa kuwa tulikuwa karibu na meza. Karani alituuliza namba yake ya kariakor. Hatuna.

Daftari liko mezani kwa Katibu kila siku baada ya kazi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kalamu imefungwa kwa uzi, tafadhali isiondoke na mtu.