Klasi ya Namba Changamano: Inachoficha na Inachokataa



Karibu kila anayefundisha uprogramu wa vitu hufika mahali akawapa wanafunzi zoezi la kuunda klasi ya namba changamano. Zoezi linapendwa kwa kuwa ni dogo na majibu yake hayana ubishi: i mara i ni -1, na klasi ikikosea inaumbuka papo hapo. Ila tunalisahihisha vibaya. Tunaangalia kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Vikiwepo vyote vinne, mwanafunzi anazoa alama. Ninachodai katika mada hii ni kwamba hivyo vinne ndiyo sehemu nyepesi. Klasi hii ipimwe kwa yale inayomficha mtumiaji na yale inayokataa kuyafanya.

Nianze na kazi yenyewe ya namba hizi. Mwaka 1893, mjini Chicago, mhandisi Charles Steinmetz aliwasilisha mada iliyoonyesha jinsi saketi za mkondo geu zinavyoweza kukokotolewa kwa namba changamano. Chukua koili yenye ukinzani wa omu 30 na riaktansi ya omu 40, iliyounganishwa kwenye umeme wa volti 230. Impidansi yake ni 30 + 40i. Gawanya 230 kwa namba hiyo, mkondo unakuwa 2.76 - 3.68i. Fundi hana haja na jibu la namna hiyo. Anataka kujua kwamba ni ampea 4.6, ili achague waya na fyuzi, na kwamba mkondo unachelewa nyuma ya volteji kwa nyuzi 53 hivi.

Namba ni ileile, sura zake ni mbili. Sura ya sehemu halisi na sehemu ya kufikirika inarahisisha kujumlisha; sura ya ukubwa na pembe inarahisisha kuzidisha, kwani ukubwa huzidishwa na pembe hujumlishwa. Basi klasi itunze ipi ndani? Jibu langu: yoyote, mradi mtumiaji asijue. Kitabu cha Abelson na Sussman cha mwaka 1985 kilitumia namba hizihizi kufundisha jambo hilo, tena bila kutegemea klasi. Mtumiaji apewe milango minne ya kuuliza, yaani halisi, kufikirika, ukubwa na pembe, na asiguse kilichomo. Tazama kipande hiki cha Python:

class Changamano:
    def __init__(hii, x, y):
        hii._x, hii._y = x, y
    def ukubwa(hii):
        return math.hypot(hii._x, hii._y)
    def pembe(hii):
        return math.atan2(hii._y, hii._x)

(Waliozoea Python watanuna wakiona "hii" mahali walipozoea neno jingine. Lugha yenyewe haijali.) Mstari mdogo ulio mbele ya x na y ni ombi la adabu tu, kwamba mtu wa nje asiviguse; Java na C++ zinaweza kukataza kabisa.

Ndani ya kipande hicho kuna mambo mawili ambayo wengi huyakosea. Mwanafunzi wa kawaida hutafuta ukubwa kwa kujumlisha vipeo vya pili vya x na y, kisha kuchukua kipeuo cha pili. Mpe x ya 3 × 10^200 na y ya 4 × 10^200. Jibu ni 5 × 10^200, namba ambayo kompyuta inaihifadhi bila shida, lakini akizidisha x kwa x njiani anavuka kikomo cha 1.8 × 10^308 na kuletewa "infinity". Kitendakazi cha hypot kimeandikwa kuepuka hilo. Kugawanya kuna ugonjwa huohuo, na Robert L. Smith alichapisha dawa yake tangu mwaka 1962. Kwenye pembe, anayetumia atan ya y kwa x ataambiwa kuwa -1 - i iko kwenye nyuzi 45, ilhali iko kwenye -135. Alama mbili za kutoa zimefutana, na habari ya robo ya mchoro imepotea.

Sasa yale ya kukataa. Wanafunzi hupenda kuongeza alama ya "ndogo kuliko" ili waweze kupanga orodha. Wakataze. Tukisema i ni kubwa kuliko 0, tukazidisha pande zote kwa i, tunapata -1 kubwa kuliko 0. Tukisema ni ndogo, alama inageuka na tunaishia palepale. Python yenyewe, ambayo ina namba changamano tayari, hutoa kosa ukijaribu kulinganisha hivyo. Anayetaka kupanga kwa ukubwa aseme wazi kuwa anapanga kwa ukubwa.

Kugawanya kwa sifuri nako nimeona kukirudisha 0 ili programu isisimame. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu huyo atarudi kwenye hesabu ya mbele akiwa hatambuliki.

Klasi ikatae pia kubadilishwa. Z1 na Z2 zikielekeza kwenye kitu kimoja, anayerekebisha Z1 anaharibu Z2 bila habari. Kujumlisha kuzae namba mpya, zile za zamani zibaki zilivyo. Hapo ndipo usawa unapopata maana: namba iliyowekwa ndani ya seti haitageuka baadaye ikashindwa kupatikana. Usawa wenyewe uwe kamili. "Inakaribiana na" iwe methodi ya pembeni, kwa sababu a ikikaribiana na b, na b na c, haifuati kwamba a na c zinakaribiana.

Ninawaomba, basi, mtakapotunga zoezi hili tena, nusu ya alama iwekwe kwenye jaribio moja: mwalimu abadilishe sura ya ndani ya klasi ya mwanafunzi, kisha aendeshe programu inayokokotoa mkondo wa ile koili bila kugusa mstari wake hata mmoja. Isipotoa ampea 4.6 kama mwanzo, alama hizo zisitolewe.