Kompyuta Ikiganda Ikiwashwa kwa Flashi ya Linux: Ikaguliwe Kabla ya Kuitwa Mbovu

Maelezo kwa wenye saiba, walimu wa kompyuta na vijana wa Shinyalu



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ila masasisho ya kawaida ya usalama yaliisha. Windows 11 nayo inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa ya miaka ya karibuni, na mashine nyingi zilizotumika ofisini ng'ambo kabla ya kuuzwa hapa Kenya hazina sifa hizo. Mwenye saiba ana njia tatu: anunue mpya, aendelee bila ulinzi huku wateja wakiandika nywila zao za eCitizen humo, au aweke Linux.

Linux haina bei. Ubuntu, iliyoanza 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imebeba jina ambalo ni ndugu wa neno la Kiswahili utu. Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu. Zote mbili huandikwa kwenye flashi, flashi ikachomekwa, kompyuta ikawashwa kutoka humo. Hapo ndipo wengi hukwama. Nembo hutokea, kisha skrini hufa. Fundi wa haraka husema "motherboard imeenda", na mashine nzima inauzwa kama chuma chakavu. Mara nyingi si kweli. Ikiwa kompyuta hiyo bado inawaka vizuri kwa Windows yake, kasoro itafutwe kwanza kwenye flashi au kadi ya picha.

Kabla ya yote, hakikisheni kweli imeganda. Ubuntu ikiwaka kutoka kwenye flashi hukagua faili zake kwanza, na kwa flashi ya polepole hilo huchukua dakika kadhaa. Bonyezeni kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila kinapobonyezwa, mashine ingali hai, subirini. Ikiwa taa haitikii kabisa, imeganda.

Sasa tazameni flashi. Faili ya Ubuntu ya kompyuta ya kawaida ina ukubwa wa takriban GB 6, na ile ya Linux Mint Xfce haifiki GB 3. Kwa anayepakua kwa bando la simu, mtandao ukikatika njiani, faili inaweza kuonekana imekamilika kumbe ina pengo. Dawa ni kuipima. Kwenye dirisha la amri la Windows andikeni certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Itatoka mlolongo wa herufi na tarakimu 64. Ulinganisheni na ule uliochapishwa na watengenezaji kwenye tovuti yao. Tarakimu moja ikitofautiana, faili hiyo haifai, na hakuna ufundi mwingine utakaoiponya. Ikilingana, itunzwe na majirani wainakili. Sheria inaruhusu, na hakuna sababu ya saiba tano za soko moja kununua bando tano.

Flashi yenyewe pia hudanganya. Ziko zilizoandikwa GB 32 ambazo ndani zina nafasi ya GB 8 tu. Hupokea faili bila kulalamika, kisha sehemu ya mwisho inapotea. Tumieni flashi iliyokwisha kuaminika kwa kazi nyingine. Kunakili faili kwa kuiburuta hakutoshi. Iandikwe kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, na ijulikane kwamba kila kitu kilichokuwa kwenye flashi kitafutika. Rufus ikiuliza iandike kwa namna ya ISO au DD, anzeni na ISO; ikiganda, rudieni kwa DD. Halafu jaribuni tundu lingine la USB, hasa la nyuma kwa kompyuta ya mezani. Tundu la buluu likisumbua, jaribuni jeusi.

Flashi ikiwa safi na bado skrini ni nyeusi, mshukiwa wa pili ni kadi ya picha, na hapa pana jambo ambalo kila fundi kijana angepaswa kulijua. Dell na Lenovo nyingi huonyesha orodha ya kuwashia kwa F12, HP kwa F9. Chagueni flashi. Menyu ya GRUB ikitokea, iko njia fupi: Ubuntu ina chaguo lililoandikwa safe graphics, na Linux Mint ina compatibility mode. Chagueni hilo.

Likikosekana, wekeni mshale kwenye mstari wa kwanza wa menyu na mbonyeze herufi e. Maandishi yatafunguka. Tafuteni mstari unaoanza na neno linux. Kuelekea mwisho wake pana maneno quiet splash. Yafuteni, na mahali pake andikeni nomodeset. Kisha F10. Neno hilo huiambia kerneli isianze kuiongoza kadi ya picha yenyewe, itumie picha ya kawaida tu. Kadi za Nvidia ndizo husumbua zaidi. Badiliko hili ni la safari moja. Mkizima na kuwasha tena halipo, kwa hiyo hakuna cha kuogopa.

Kuondoa quiet splash kuna faida nyingine: badala ya nembo, mistari ya maneno itapita. Ikisimama, pigeni picha mstari wa mwisho kwa simu. Ukitaja nouveau, hiyo ni Nvidia. Ukitaja SQUASHFS au I/O error, rudini kwenye flashi. Maneno ACPI Error hutisha bure, kwani kompyuta nyingi nzima huyatoa na kuendelea na kazi. Picha hiyo moja humsaidia fundi kuliko maelezo ya nusu saa kwamba "inakataa tu".

Kuhusu Secure Boot, wengi hukimbilia kuizima. Ubuntu hukubaliwa nayo, na ikikataa kwa kawaida hutoa ujumbe badala ya kuganda. Kwa hiyo iacheni mwisho. Kwenye kompyuta iliyofungwa diski kwa BitLocker, kuigusa kunaweza kufanya Windows idai ufunguo wa siri, na asiye na ufunguo huo anaweza kukosa kuzifikia faili zake. Ikiwa yote hayo yameshindwa, pimeni RAM kwa kipimo kilichomo kwenye menyu ya flashi, au chomoeni kipande kimoja kimoja na kuwasha.

Linux ikiwaka, msisakinishe papo hapo. Chagueni kujaribu kwanza, diski haitaguswa. Fungueni eCitizen kwenye kivinjari, pimeni printa na skana. Fomu za Excel zenye makro zipimwe kwa makini zaidi, maana hizo ndizo huweza kugoma. Mwenye saiba asianze kazi hii wiki ya mwisho ya Juni, foleni ya ritani za KRA za tarehe 30 ikiwa mlangoni. Wala asianze alasiri, wakati mvua ya Kakamega inashuka na radi zake. Stima ikikatika katikati ya usakinishaji, diski inaweza kubaki bila Windows wala Linux. Nakala za faili za wateja zihifadhiwe kwingine kwanza.

Baada ya kusakinisha, kompyuta inaweza kuganda mara moja tena, ikiwa nomodeset haikubaki. Ikiwaka, bonyezeni Esc, au shikilieni Shift kwenye mashine za zamani, hadi GRUB itokee, mliandike neno lile tena. Mkishaingia, fungueni sehemu ya viendeshi vya ziada, wekeni kiendeshi cha Nvidia kinachopendekezwa, kisha washeni upya.