Mikono Iliyotubeba
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo, London)



Nimeombwa niseme machache juu ya shukrani, nami mtaniwia radhi nikianzia kaburini. Jana baadhi yetu tulizuru Westminster Abbey, tukasimama penye jiwe alipozikwa David Livingstone tarehe 18 Aprili 1874. Vijana waliyasoma maandishi yake, wakaniuliza: hiyo mikono inayosifiwa kwa uaminifu, mbona haina majina?

Majina yapo. Ni Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao wengi, pamoja na kina mama kama Halima mpishi. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru. Wangeweza kumfukia palepale na kwenda zao, nani angewauliza? Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi na kuukausha juani, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaubeba kwa miezi tisa mpaka Bagamoyo. Huko Tabora, Luteni Cameron aliwashauri wamzike hukohuko. Walikataa. Mbele ya safari, waliposikia ya kuwa wenyeji hawataiachia maiti ipite, waliufunga upya mfano wa mtumba wa nguo za biashara, na mzigo mwingine wa uongo wakaurudisha nyuma kana kwamba wanakwenda kuuzika. (Wachungaji mliopo mtanisamehe, nadhani hila ile Mungu aliiachilia.)

Na shukrani yao? Zanzibar walilipwa mishahara, wakaachishwa. Kati yao ni Jacob peke yake aliyehudhuria maziko, kwa kuwa Church Missionary Society ilimlipia nauli. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye, kaburi limekwisha kufunikwa. Royal Geographical Society iliwatengenezea nishani, lakini zilipofika, wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Susi hakubatizwa mpaka mwaka 1886. Sisi tusomao habari za Yusufu wa Arimathaya, aliyeuomba mwili wa Bwana kwa Pilato wakati wanafunzi wamejificha, tusistaajabu. Mungu hutuletea msaada kwa mlango tusioutazamia.

Nayasema haya kwa sababu ukoo huu una deni la namna hiyohiyo. Kaka yangu alipofariki katika jiji hili, miaka kumi na minane iliyopita, mwezi wa Januari, sisi jamaa zake tulikuwa mbali, wengine hatuna viza, wengine hatuna senti. Bwana mmoja wa Mombasa, Mwislamu, aliyefanya naye usafi wa maofisi zamu ya usiku, ndiye aliyekwenda kuutambua mwili. Alipita na daftari nyumba kwa nyumba, msikitini na kanisani, akichangisha nauli ya jeneza. Kisha akasafiri nalo mpaka Muheza. Tulimzika kaka, tukalia, na kabla ya arobaini tukaanza kugombea mali yake. Yule bwana tulimpa chai, akaondoka kwa basi la alfajiri. Hatukumwandikia hata barua moja. Anwani yake nilikuwa nayo mimi.

Nilimwandikia mwaka huu, nisijue kama yu hai. Alijibu mistari mitatu, bila lawama, akiuliza hali ya watoto wa marehemu.

Watoto wa kaka, simameni. Mzee yule mwenye kofia nyeupe, aliyeketi karibu na mlango tangu asubuhi, ndiye. Nendeni mkamlete huku mbele; kiti chake kipo.