Jumba la Mji ni Mali ya Nani?

Leo tutazungumza juu ya majengo ya zamani ya mji. Mtu akisema, "Jengo hili limechakaa, livunjwe," ni nani mwenye haki ya kumjibu? Sikilizeni kwanza habari za mji wa Toronto, katika nchi ya Kanada.

Mwaka 1899 mji huo ulifungua jumba la baraza lake. Ni jumba la mawe, na mnara wake wa saa wapita mita 100 kwenda juu. Bwana E. J. Lennox, aliyechora ramani yake, alichongesha jina lake katika mawe chini ya paa.

Mji ukakua, na jumba likawa dogo. Mwaka 1965 baraza likafungua jumba jipya, ng'ambo ya barabara. Ndipo kampuni ya Eaton's ikaleta mpango wake: jumba la zamani livunjwe, pajengwe maduka, ofisi na hoteli. Mnara wa saa ungeachwa usimame peke yake.

Wakazi wengi walikataa. Wakaunda chama, wakakiita Marafiki wa Jumba la Zamani la Mji. Wakasema wazi kwamba jumba lile ni mali yao. Mwaka 1967 kampuni ikauacha mpango ule. Kweli, mambo ya fedha nayo yaliikwamisha. Lakini jengo likishavunjwa halirudi, hata hesabu zikibadilika. Kwa hiyo kuichelewesha nyundo nako ni kazi kubwa.

Je, mji ulikosa maendeleo? La. Maduka makubwa yalijengwa kando yake, yakafunguliwa mwaka 1977. Jumba la zamani nalo likabaki, likatumika miaka mingi kuwa mahakama.

Na kwetu Tanzania je? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yayalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo lililojengwa baadaye hungoja Waziri alitangaze. Boma la Kale la Dar es Salaam lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867, wakati wa Sultani Majid. Lilikosa tarehe hiyo kwa miaka mitatu tu! Maboma mengi ya wilaya ni mapya kuliko hilo. Basi, Waziri atajuaje habari za boma lenu, ninyi wenyeji msiposema?

Ndugu, yako mambo matatu mnayoweza kuyafanya.

Kwanza, ulizeni wazee. Jengo lilijengwa lini? Nani walibeba mawe? Kesi gani zilikatwa humo? Andikeni majibu pamoja na tarehe. Kumbukumbu isiyoandikwa huzikwa pamoja na mzee wake.

Pili, litazameni jengo lenyewe. Bati moja likitoboka, maji huingia, boriti huoza, kisha ukuta huanguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Iombeni halmashauri izibe tundu leo, maana kesho watu watasema, "Limeshakufa."

Tatu, semeni jengo litafanya kazi gani. Msiseme tu, "Lisivunjwe." Semeni, "Liwe maktaba," au, "Liwe darasa la watu wazima." Nyumba yenye watu ndani hufagiliwa, na mlango wake ukivunjika hutengenezwa.

Mwaka jana hukuweza kuandika jina lako. Leo waweza kuandika barua kwa halmashauri na kutia sahihi yako chini. Sahihi moja ni ya mtu mmoja, lakini sahihi za mtaa mzima ni sauti ya mji.

Kazi ya darasa: Chagueni jengo moja la zamani la mji wenu. Andikeni sentensi tano: jina lake, umri wake, kazi yake ya zamani, ubovu wake, na kazi mnayotaka lifanye. Kisha mwalimu azisome mbele ya wote, nanyi mshauriane nani atazipeleka kwa diwani.

Kwaherini, hadi somo lijalo.