Mambo Ambayo Bima ya Nyumba Hailipi

Hotuba kwa wenye nyumba wa Kitale na Bungoma



Mtu ajengaye nyumba Kitale au Bungoma hutia ndani yake jasho la miaka mingi. Akiisha kuikatia bima, hudhani kwamba amepata kinga ya kila jambo. Sivyo. Bima ni mapatano, na katika kila hati mna sehemu itajayo mambo ambayo kampuni haitalipa. Sehemu hiyo husomwa na wachache, nayo ndiyo iletayo majuto.

La kwanza ni uchakavu. Bima hulipia msiba wa ghafula, kama moto, au radi ambayo hupiga mara kwa mara katika magharibi ya Kenya. Mbao zilizoliwa na mchwa na mabati yaliyoshika kutu ni juu ya mwenyewe kuyatengeneza.

La pili ni nyumba tupu. Mfanyakazi wa Kitale afungaye mlango akaenda kwao Bungoma kwa muda mrefu, huenda akarudi akute ameibiwa, wala asilipwe. Hati nyingi huweka kikomo cha siku, mara nyingi 30. Tena, wizi usioacha alama ya kuvunja mlango au dirisha kwa kawaida haulipwi.

La tatu ni ghasia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilichomwa moto katika Trans Nzoia na sehemu nyingine za nchi. Hati za kawaida hazikuwa na kinga ya ghasia za siasa. Hata leo, kinga hiyo hapana budi iombwe na kulipiwa mbali.

La nne ni thamani. Nyumba ya shilingi 2,000,000 ikiandikwa 1,000,000 ili kupunguza ada, kampuni huhesabu kwamba mwenyewe amejitwika nusu ya hatari. Jiko likiungua kwa hasara ya shilingi 400,000, huenda akapewa 200,000 tu.

Basi mwenye nyumba na aisome hati kabla ya kutia sahihi, na asilolielewa amwulize wakala. Aseme kweli kama paa ni la nyasi, au kama chumba kimoja ni duka. Neno lililofichwa laweza kuvunja mapatano yote. Aandike orodha ya vyombo vyake na kutunza stakabadhi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Na akiona amedhulumiwa, Mamlaka ya Kusimamia Bima hupokea malalamiko.